Kati ya "Feck" na "Grand": Ulinganisho wa Maneno ya Mitaani ya Ayalandi kwa Mgeni Anayetaka Kujua la Kusema na la Kuacha

Mama mmoja wa Kikenya ninayemfahamu, ambaye mwanawe alikuwa ameanza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya magharibi mwa Ayalandi, aliletewa siku moja daftari lenye maneno machache ya mwalimu: leo mtoto alikuwa "bold". Alifurahi sana. Katika Kiingereza alichofundishwa Nakuru, "bold" ni jasiri, mtu asiyetishika mbele za watu, na jioni hiyo mtoto alipikiwa chapati za pongezi. Wiki iliyofuata daftari lilirudi na neno lilelile, safari hii likitanguliwa na "very", pamoja na ombi la mzazi kufika shuleni. Huko ndiko alikoelezwa kwamba kwa Waayalandi mtoto "bold" ni mtundu na mkaidi. Katika Kigaeli, lugha ya asili ya kisiwa hicho, neno moja, "dána", hubeba ujasiri na utundu kwa pamoja, na Waayalandi walipohamia Kiingereza waliihamisha na maana hiyo ya pili.

Wageni wengi tunaokuja Ayalandi kufanya kazi, na hata wale wanaokutana na Waayalandi katika shule na hospitali za Dubai na Abu Dhabi, ambako walimu na wauguzi wa taifa hilo ni wengi, hujiandaa kukabiliana na matusi. Tumekwisha kusikia kwamba Mwayalandi hutukana kama anavyopumua, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Hata hivyo, baada ya miaka saba ya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee katika kaunti ya Clare, nimeona kwamba hofu yetu imeelekezwa pasipo stahili: maneno yanayotua sikioni kama matusi mara nyingi hayana madhara, ilhali yale yanayoonekana ya kawaida, tuliyoyazoea tangu shule ya msingi, ndiyo yanayotuaibisha. Kwa sababu hiyo nimeyaweka hapa maneno mawili mawili kila ilipowezekana, nikiipima kila jozi kwa mambo matatu: mgeni husikia nini, msemaji ana maana gani, na je, neno hilo litakaa vizuri kinywani mwa mtu ambaye hakuzaliwa huko.

"Feck" na kaka yake

Sikio la Mswahili lina mtego wake hapa. "Feck" hutamkwa takribani "feki", na mwenzangu mmoja kutoka Mombasa aliamini kwa wiki mbili nzima kwamba mpishi wetu alikuwa akilalamikia bidhaa bandia: jiko feki, sufuria feki, mlango feki. Alianza hata kumhurumia kwa kuuziwa vitu vibovu kiasi hicho.

Waingereza na Wamarekani wana mtego wa aina nyingine. Wao hudhani kwamba "feck" ni lile neno la Kiingereza la herufi nne, linaloanza na f, lililobadilishwa irabu tu ili lipite mlangoni bila kukaguliwa. Kwa matumizi ya leo hawako mbali na ukweli, lakini neno lenyewe lina historia yake. Katika Kiingereza cha zamani cha Ayalandi "feck" lilikuwa na maana ya kuiba, tena wizi mdogo wa kitoto; James Joyce, katika riwaya aliyoitoa mwaka 1916, anawaonyesha wavulana wa shule ya bweni wakinong'onezana kuhusu wenzao walioiba fedha chumbani kwa mkuu wa shule, na neno wanalolitumia ni hilo. Maana nyingine, ambayo bado ipo, ni kurusha kitu ovyo. Lililolisambaza neno hili nje ya kisiwa ni televisheni. Kuanzia 1995 hadi 1998 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha Father Ted, tamthilia ya vichekesho kuhusu mapadri watatu waliotupwa katika kisiwa cha kubuni, na mmoja wao, mzee mlevi asiyetoka kitini, alikuwa akilitamka neno hilo karibu kila anapofumbua macho. Mtazamaji wa Uingereza alisikia padri akitukana na papo hapo akajua kwamba hajatukana hasa, na humo ndimo kilimokaa kichekesho.

Katika Kiswahili, "feck it" ningeliweka penye "potelea mbali", na "feck off", likisemwa kwa rafiki, penye "hebu nitokee hapa". Kaka yake mwenye irabu nyingine hana kisawe ambacho ningethubutu kukichapa. Bibi wa miaka themanini na tisa ninayemhudumia husema "feck" anapoangusha rozari yake, na sidhani kwamba hulipeleka kwenye kitubio. Kaka yake sijapata kulisikia kinywani mwake, ingawa wajukuu zake hulitumia kama watu wengine wanavyotumia mkato. Basi ukilazimika kuchagua kati ya hayo mawili, chagua "feck", lakini ulichague ukiwa ndani ya Ayalandi. Kwa msimamizi wako wa London au Toronto, tena akilisikia kwa lafudhi ya Pwani, tofauti ya irabu moja haitamfikia, na maelezo yako kuhusu Joyce hayatapokelewa na idara ya utumishi.

"Eejit" na "gobshite"

"Eejit", linalotamkwa "ijiti", ni lile neno "idiot" lililoandikwa jinsi Waayalandi wanavyolitamka, na ajabu ni kwamba matamshi yameliondolea sumu. Mtu akikuita "idiot" kwa Kiingereza cha kawaida, amekutukana. Akikuita "eejit", amesema tu kwamba umefanya la kijinga, na yawezekana anakuambia hivyo huku akikumiminia chai. Kiswahili kina "bwege" na "zuzu" kwa kazi hiyo, ingawa yote mawili ni makali kidogo kuliko "eejit".

"Gobshite" ni habari nyingine. "Gob" kwa Kigaeli ni mdomo wa ndege, na kwa utani mdomo wa mtu. Sehemu ya pili ni kinyesi, kwa matamshi ya kale ambayo Waayalandi wameyahifadhi. Kwa hiyo anayezungumziwa si mjinga tu, bali ni mjinga anayejiona ana la kusema na asiyenyamaza. Tofauti kati ya hayo mawili ni ile tunayoijua kati ya "mjinga" na "mpumbavu": wa kwanza akielekezwa huelewa, wa pili ukimwelekeza hukasirika. Mtu anaweza kumwita mdogo wake "eejit" mbele ya mama yao na chakula kikaendelea kuliwa. "Gobshite" husemwa mtu akiwa amekwisha kuondoka, au ugomvi ukiwa umekwisha kuanza.

Kuna pia maneno ya mji na mji. Cork mpumbavu wao ni "langer", Limerick ni "gowl", na ukiyatumia nje ya miji hiyo utaonekana kama Mtanga anayejaribu kuongea Kimakunduchi. Kigaeli chenyewe kimewagawa wajinga kwa jinsia, "amadán" akiwa mwanamume na "óinseach" mwanamke, jambo ambalo Kiswahili hakikuona haja yake. Ushauri wangu kwa mgeni ni kuchagua "eejit" na kulianzia kwake mwenyewe. Ukimwaga supu, ukisahau ufunguo, ukakosea jina la mtu, jiite "eejit" kabla hujaitwa, na utaona nyuso zikilainika. "Gobshite" lielewe tu na uliache kwa wenyewe.

Jirani na maneno haya kuna usemi unaowapotosha wageni kuliko yote, nao ni "cute hoor". Mmarekani husikia "cute" akadhani anasifiwa mtu mzuri wa sura. Mara anasikia "hoor", ambalo ni neno la kahaba kwa matamshi ya Kiayalandi, akashtuka. Hayumo katika maana yoyote ya hizo mbili. "Cute" huko ni mjanja, na "hoor" humwangukia mwanamume mara nyingi kuliko mwanamke. Yakiungana humtaja mtu, hasa mwanasiasa wa mashambani, anayejua kuyapindisha mambo yakamnufaisha yeye na jimbo lake bila kuacha alama ya vidole, na wanaomlaani kwa jina hilo ndio hao hao wanaompigia kura. Dar es Salaam angeitwa "mtoto wa mjini".

Maneno tuliyodhani tunayajua

Hapa ndipo penye hatari ya kweli, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka.

Jozi ya kujifunza kabla ya kupanda ndege ni "ride" na "lift". Kwa Kiingereza cha Marekani, ambacho vijana wetu wengi wamekipata kwenye filamu, kuomba "a ride" ni kuomba usafiri. Ayalandi "a ride" ni tendo la ndoa, au mtu mwenye mvuto wa kukufanya ulifikirie. Mgeni anayesimama mwisho wa zamu kwenye maegesho na kuwauliza wenzake kama kuna wa kumpa "a ride" hadi mjini atajibiwa kwa kicheko ambacho hataelewa kimetoka wapi. Neno salama ni "lift", na Kiswahili kimetusaidia bila kukusudia: tangu zamani sisi huomba lifti, kwa hiyo atakayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiswahili atafika nyumbani kwa amani.

Kiswahili hakikutusaidia kwenye "shift". Sisi tunaofanya kazi za zamu husema "nimepata shifti", na jambo la kawaida kabisa ni kulipeleka hivyo hivyo kwenye Kiingereza. Mwezi wangu wa pili kazini niliingia chumba cha chai Jumatatu asubuhi, nikawatangazia wenzangu kwa furaha kwamba Jumamosi usiku "I got the shift", nikimaanisha kwamba nimepata zamu ya ziada yenye malipo ya juu. Kijiko kilianguka. Mmoja alipiga makofi, wa pili akataka kujua ni nani, na msimamizi, mama mtu mzima, akasema kwamba umefika wakati. "To get the shift", hasa mashambani na kwa vijana, ni kubusiana na mtu kwa mahaba, kwa kawaida kwenye dansi. Dublin vijana huweza kulitumia "meet" kwa maana hiyohiyo, hivyo swali "will you meet my friend?" linaloulizwa ukumbini halihusu kutambulishana. Kwa upande wa kazi, tumia "a shift" au taja saa zenyewe. Kinachogeuza maana ni kile "the" kidogo kinachosimama mbele yake.

Kidogo kingine kinachogeuza maana ni "out". "I'll give you a dig" ni tishio la ngumi, ilhali "I'll give you a dig out" ni ahadi ya msaada, kama kukukopesha fedha hadi mwisho wa mwezi au kukusaidia kuhama nyumba. Anayejifunza lugha kwa kusikia nusu ya sentensi na awe mwangalifu hapo.

Wazee wana hazina yao, na anayekuja kufanya kazi za utunzaji ataihitaji kuliko misemo ya vijana. Bibi yule wa rozari aliniomba, katika juma langu la kwanza, nimletee "the messages". Nilichukua simu yake mezani, nikavaa miwani, nikaanza kumsomea ujumbe mmoja baada ya mwingine: wa benki, wa kampuni ya umeme, wa mpwa wake aliyeko Boston. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akauliza kama maziwa yatakuja leo au kesho, kwa maana "messages" kwa watu wa rika lake ni mahitaji ya dukani. "Press" ni kabati, na "hot press" ni kabati lenye tangi la maji ya moto ambamo mashuka na mataulo huwekwa yapate joto. Usitafute mashine ya kupigia pasi. "The guards" ni polisi, kutokana na jina la Kigaeli la jeshi lililoundwa 1922, Garda Síochána, yaani walinzi wa amani. Mtu akisema ataita "the guards", si mlinzi wa getini anayekuja.

"Your man" lina kisa chake kila wodi yenye Mwafrika. Muuguzi huambiwa kwamba "your man" wa kitanda cha nne anamwita, naye hujibu kwa heshima kwamba mume wake yuko Arusha. "Your man" si mtu wako. Ni yule bwana tu, awe anajulikana au hajulikani, na mwenzake wa kike ni "your one", linalotamkwa "yo wan". Kiswahili husema "yule bwana" na "yule dada" bila kumilikisha mtu yeyote, na nadhani tumewashinda hapo.

Yapo maneno mengine ambayo Mswahili huyaelewa haraka kuliko Mwingereza, kwa sababu yamejengwa kama tunavyojenga sisi. Mwayalandi akishangazwa na habari husema "go away!", na Mwingereza aliye mbele yake anaweza kudhani amefukuzwa, lakini anayejua "acha wee!" hana shida, kwani hapo hakuna anayeambiwa aache chochote. Akisema "come here to me" huku ukiwa umekaa karibu naye, usiinuke, anataka umsikilize. "He was giving out to me" haina maana kwamba aligawa kitu, bali kwamba alinigombeza, nayo ni tafsiri ya moja kwa moja ya Kigaeli "tabhairt amach". "I'm after losing my keys" Mmarekani husikia kwamba mtu anazitafuta funguo ili azipoteze, ilhali Mswahili akilitafsiri kwa "nimetoka kupoteza funguo" atakuwa ameligusa. Na "I do be tired on Mondays", ambalo mwalimu wa Kiingereza angelipiga mstari mwekundu, ni "huwa nachoka Jumatatu" bila kupungua kitu. Ukiongeza "ye", neno ambalo Kiingereza cha vitabu kimekosa kwa ajili ya "ninyi", utaona kwamba mgeni kutoka kwetu hana haja ya kukopa matusi ili aonekane mwenyeji. Akisema "ye" kwa watu wawili, tayari amefika.

Moja tu bado linanitatiza, nalo ni "I will, yeah". Kwa kulisoma ni kukubali. Kwa kulisikia, hasa likisemwa na mtu wa Cork kwa sauti iliyolegea, ni kukataa kabisa. Sina mbinu ya kumpa msomaji isipokuwa kutazama kama msemaji ameinuka.

Sifa: "grand", "deadly" na "craic"

Katika sifa mambo ni mepesi. "Grand", ambalo kwa Kiingereza cha vitabu ni adhimu na kuu, huko ni "sawa" tu. Chai ni "grand", hali ya hewa isiyo na mvua ni "grand", na mgonjwa aliyevunjika mguu akiulizwa anaendeleaje atasema "grand", jambo linalomlazimu muuguzi kuuliza mara ya pili. "Deadly", kwa upande mwingine, lina kifo ndani yake na maana yake ni nzuri mno, hasa Dublin. Vijana wetu wanaosema wimbo ni "noma", "balaa" au "hatari" hawahitaji kufafanuliwa. "Grand" litumie mara thelathini kwa siku bila hofu. "Deadly" waachie walio chini ya miaka arobaini, na kamwe usilitumie kuelezea dawa.

"Craic" hutamkwa "kraki", na nje ya Ayalandi limewahi kuwafanya watu wageuke, kwa sababu Mwayalandi anayeuliza mahali pa kupata "good craic" husikika kama anatafuta kokeni. Maana yake ni mazungumzo na furaha ya kuwa pamoja. Wengi huliona kuwa neno la Kigaeli tangu enzi, lakini lilitoka kwenye "crack" la Kiingereza na la Kiskoti, likavikwa tahajia ya Kigaeli, kisha likarudi kwenye Kiingereza likiwa limebadili nguo. Kwa maoni yangu mgeni alielewe bila kulisema sana. Kinywani mwetu hunukia bango la utalii.

Majina matakatifu

Kwa Mkristo wa Kipentekoste kutoka Mbeya, au Mwislamu kutoka Unguja, kinachoumiza zaidi si "feck" bali ni jinsi jina la Yesu linavyotumika. "Jaysus" husemwa kwa mshangao, kwa hasira, kwa baridi na kwa bei ya viazi, na jambo likizidi huitwa familia takatifu nzima, Yesu, Maria na Yosefu, kwa pumzi moja. Ajabu ni kwamba kosa la kukufuru lilikuwamo katika katiba ya 1937, na sheria ya 2009 ililiwekea faini ya hadi euro 25,000, lakini hakuna aliyetiwa hatiani kwa sheria hiyo; wananchi waliliondoa kosa hilo katika katiba kwa kura ya maoni ya Oktoba 2018. Ukisubiri wazee waombe radhi utasubiri sana, kwa kuwa wengi wao hawaoni kwamba wametukana. Hilo si geni kwetu kama tunavyodhani: "lahaula!" na "yarabi!" hututoka bila sisi kuwa katika ibada, na hakuna anayetuuliza. Mimi nimechagua kusikia bila kusema. Nimeona pia kwamba Mwayalandi hushtuka kidogo anaposikia "Jaysus" kwa mtu aliyemdhania mcha Mungu kuliko yeye.

Utani wao na utani wetu

Anayetaka kuelewa kwa nini watu hawa hutukanana wakapendana zaidi na alinganishe "slagging" yao, yaani kuchokozana kwa maneno, na utani wetu. Mpare anaweza kumwambia Mchaga maneno msibani ambayo angeyasema mtu mwingine yangeleta ugomvi, na Mngoni na Mhehe hutaniana juu ya vita vya mababu zao. Mipaka ya utani wetu inajulikana kabla watu hawajakutana: mtani wako ni mtani wako hata humjui jina. "Slagging" haina mikataba hiyo. Kila mtu hujijengea haki yake polepole, kwa miezi, na dalili kwamba umeipata ni siku wewe mwenyewe unapoanza kuchokozwa. Mgeni anayepokelewa kwa adabu kamili, bila kuchekwa kofia yake wala chakula chake, bado yuko sebuleni. Kosa la wengi ni kuanza kurusha maneno siku wanapoanza kurushiwa. Heri kupokea kwa muda mrefu kuliko kutoa, na mama zao na uzito wao uviache kabisa.

Yasiyo na jozi

Yamebaki machache ambayo sitayaweka katika jozi, kwani hakuna cha kuchagua. Liko neno ambalo asili yake ni mnunuzi wa farasi wakongwe wa kuchinjwa, na ambalo leo hutupiwa jamii ya Travellers, watu wa asili ya kuhamahama ambao serikali iliwatambua rasmi kuwa kabila mnamo Machi 2017. Utalisikia likisemwa na watu waungwana kabisa, na utashawishika kulidhani la kawaida. Si la kawaida. Ayalandi ya Kaskazini yako maneno mafupi ambayo Waprotestanti huwaitia Wakatoliki na Wakatoliki huwaitia Waprotestanti, na huko hata jina la mji wa Derry, ambao wengine huuita Londonderry, hutambulisha msemaji yuko upande gani.

La tatu linatuhusu sisi. Tarehe 8 Novemba 1960, doria ya askari kumi na mmoja wa Ayalandi waliokuwa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa ilishambuliwa karibu na Niemba, Katanga ya Kaskazini, na wapiganaji wa Kiluba, waliokuwa katika vita na majeshi ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na waliokuwa na sababu ya kumwogopa kila Mzungu mwenye bunduki. Askari tisa walikufa. Taifa zima liliomboleza, mazishi ya Dublin yakajaza barabara, na jina "Baluba" likaingia katika lugha ya mitaani ya Ayalandi kwa maana ya mtu mkali asiyestaarabika, asiyeaminika. Wanaolitumia leo wengi wao ni wazee, na wengi hawajui limetoka wapi.

Mzee mmoja wa nyumba yetu ya kutunzia wazee, aliyekuwa dereva wa lori maisha yake yote, alilisema mbele yangu akiwaelezea wajukuu zake waliokuwa wamepindua chumba: walikuwa "like a shower of Balubas". Nilimwuliza kama anajua Baluba ni nini. Alidhani ni neno la Kigaeli. Nikamweleza kwamba ni watu, kwamba mmoja wao ni Muluba, kwamba wengi wao huko Katanga huzungumza Kiswahili kama mimi, na kwamba nimewahi kupanga nyumba moja na familia yao Kigoma. Alikaa kimya akiutazama mkono wake wenye mishipa, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema: "Amn't I the right eejit."